Kinga ya Tibe za Tonton Zihindula

Juzi nilikuwa napita pembeni ya barabara, mujukuu wangu akinisukuma ndani ya kiti changu cha magurudumu, nikakamatwa na harufu hata mbele ya kuona moto. Ninyi wa umri wangu munaijua: chuma inayoungua, rangi inayopikwa, na kidogo ya plastiki kwa nyuma. Kijana mumoja alikuwa anachomelea mulango wa tibe, yale mabomba ya chuma yenye pembe nne. Nikamwambia mujukuu asimame. Nikatazama kazi. Midomo ya tibe yote imeachwa wazi, juu na chini, kama vinywa vya makinda ya ndege. Nikashindwa kunyamaza.

"Wee kijana, funga midomo ya zile tibe!"

"Maman, mwenye mulango hakuomba vile."

"Mvua nayo haiombake. Itaingia, italala mule ndani, mulango itaoza kutokea tumboni. Utashangaa siku itaanguka na rangi yake bado muzuri."

Akainua maski, akacheka. "Kumbe maman iko sudere?"

"Siko sudere, sichomeleake chuma. Niko mutu mwenye anajua nani alikata tibe zangu."

Hakuelewa, akarudilia kazi yake. Hana kosa, alikuwa bado kuzaliwa. Lakini mimi ile siku sikulala muzuri, na sasa nimeamua kuandika, na herufi zangu hizi za kujikokota. Nitaanza na majina, juu watu wengi wamezikwa na majina safi na mimi sipendi. Zihindula, ndugu mudogo wa mama yangu, ndiye wa kwanza. Kitoga, muuzaji wa dhahabu aliyetoka Mwenga, ndiye wa pili. Ninawataja mapema kabisa, nisije nikafurahi katikati ya hadithi nikawasahau. Juu nitafurahi. Hiyo ndiyo inaniuma kupita yote: katika utoto wangu wote hakuna kitu kilichonifurahisha kama kile walichoharibu.

Tulikaa Kasha, kule juu ya Bagira. Miguu yangu ilikuwa imekufa tangu homa ya utotoni, ile polio. Masomo, yaani shule, ilikuwa ng'ambo ya kilima, na njia za kwetu munazijua, za kushuka na matako na kupanda na magoti. Papa alikwenda kuchimba huko Shabunda, akasahau njia ya kurudi. Kalasi ya kwanza, Mama alinibeba mugongoni. Nilipozidi kukua, mugongo wake ukakataa. Asubuhi moja alianguka nami katika matope. Hakuna aliyeumia, lakini nilisikia pumzi yake inavyopiga miluzi kifuani, na kesho yake hakuna aliyetaja masomo tena. Nikabaki nyumbani nachambua maharagi, nasikia watoto wa wengine wanapita wakikimbia na vikombe vyao vya uji.

Ndipo Tonton Zihindula akaja na ahadi yake. Alikuwa na atelye pembeni ya barabara, mabati ine na posti ya kuchomelea, akifanya kazi na muzee mumoja, Papa Bisimwa.

"Dada," akamwambia Mama, "nitamutengenezea Nsimire kinga."

Kinga, kwa sisi, ni baiskeli. Mama akamutazama kama mutu aliyekunywa asubuhi.

"Na atapiga pedali na nini? Na masikio?"

"Na mikono! Magurudumu tatu, pedali iko hapa mbele ya kifua. Atazungusha vile banasagaka unga. Dada, uko na mutoto mwenye mikono kama ya mupagazi. Angalia!"

Akashika mukono wangu, akaupima mbele ya Mama kama nyama ya soko. Ilikuwa kweli. Kwa kutambaa nilikuwa na mikono ya mwanaume. Mbele ya ile siku nilikuwa naificha.

Basi kazi ikaanza, na mimi nikahamia atelye. Mama alinifikisha pale kila asubuhi, ni karibu, akanikalisha juu ya taili ya kamyo. Siwezi kuwaeleza furaha ile. Tibe zilifika zimepakwa mafuta meusi, zinanuka kama motoka mupya. Papa Bisimwa alizipangusa na kitambaa, akaniita: "Patron, kuya uangalie bidhaa yako." Aliniita patron, yaani bosi, tangu siku ya kwanza, na mimi nikajibu kama patron. Nikapiga tibe na vidole nikisema hii inalia vizuri, ile hapana.

Nilijifunza mengi kwa macho. Nilijua kwamba ukitaka pembe muzuri huiweki tibe moja kwenye ubavu wa ingine tu, unakata zote mbili kwa mushazari, zikutane kama kona za fremu ya picha. Nilijua kwamba huchomei mara moja pembe muzima, unaweka kwanza pointi, tone moja hapa na tone moja pale, halafu unapima kwa kamba toka kona hadi kona. Kamba zikilingana, fremu iko sawa. Zisipolingana, unaipiga nyundo ingali inasikia. Papa Bisimwa alisema hivyo, "ingali inasikia," na mimi nikaamini kwamba chuma ina masikio mpaka inapopoa. Nikawa naisemesha. "Ukuwe muzuri," niliiambia fremu, "usivunjike kwenye mawe." Pale tibe ilikuwa fupi, waliunga vipande viwili kwa kuingiza tibe ndogo ndani ya zote mbili, kama mukono ndani ya shati, halafu wakazungusha moto kwenye mushono.

Na ule moto! Tonton aligusisha bageti, kile kijiti cha kuchomelea, kra, kra, halafu mwanga ukaruka, mweupe wa kubuluu. Waliniambia niangalie pembeni. Nani ataangalia pembeni? Usiku macho yangu yalijaa muchanga, nikapiga kelele, Mama akaniwekea vipande vya viazi vibichi kwenye kope akinitukana mimi, Tonton, na kinga yote. Asubuhi nilikuwa tena juu ya taili yangu, macho mekundu kama ya pilipili, naomba waanze.

Tonton alipochomea aliteremusha maski usoni. Mimi nilifikiri anajificha ili moto usimujue, usije ukamulipiza baadaye njiani. Nilimuuliza.

"Njo vile," akasema, akicheka. "Moto iko na chuki sana. Ikikujua uso, umekwisha."

Siku ya kufunga midomo ndiyo niliipenda zaidi. Papa Bisimwa alikata vibamba vidogo vya chuma, kila kimoja kidogo kuliko mudomo wa tibe kwa unene wa kucha, ili moto upate mahali pa kulala ukingoni. Akakiweka, pointi ine, halafu mushono wa kuzunguka. Lakini kwanza alitoboa tundu ndogo upande wa chini.

"Papa Bisimwa, unafunga halafu unatoboa?"

"Patron, ndani mule kuko hewa. Ikipata moto inavimba, inatafuta mulango. Usipoipa tundu, inakutemea moto mbele ya mushono kufungika, pffu! Kazi yako inaharibika. Baadaye, fremu ikipoa, ndio unaziba."

Nilitia kidole karibu na ile tundu na nikasikia pumzi ya moto inatoka. Nilipiga mayowe ya furaha. Kinga yangu inapumua! Nikawaambia watoto wote waliopita njiani, na wao wakapanga mustari kusikia pumzi ya kinga ya Nsimire. Kamoja kakasema, "Bongo, unadanganya, chuma haipumuake," nikamwambia aondoke kwenye atelye yangu.

Mudomo mumoja ulibaki, ule wa chini ya kiti. Papa Bisimwa alikuwa ameshakata na kibamba chake. Tonton akamushika mukono.

"Ule niachie, Muzee. Nitaufunga mimi mwenyewe."

Na aliufunga, nilipokuwa sipo. Halafu akapaka rangi ya buluu kila mahali.

Munataka niwaeleze mara ya kwanza nilipoipanda? Nilizungusha pedali na dunia ikaanza kwenda nyuma. Nyumba, migomba, mama anayeuza mikate, vyote vilikuwa vinarudi nyuma na mimi ndiye niliyevirudisha. Kwenye muteremuko Tonton alikimbia pembeni, akipiga kelele, "Breki! Nsimire, breki!" Breki ilikuwa kipande cha sandali kinachosugua gurudumu, na mimi sikutaka kukigusa. Watoto walikuwa nyuma yangu, wale walioniita kilema, na sasa hawakuwa na pumzi ya kuniita kitu chochote. Nilisimama kwenye ukuta wa jirani. Ukuta ulipasuka kidogo. Nilicheka mpaka nikakojoa.

Nilifikiri kesho ni masomo. Tonton akasema hapana.

"Dada, kinga mupya inatakiwa kuzoezwa. Roulement, zile goroli za gurudumu, bado zinakaza. Niache nimupeleke mara mbili tatu kule Ruzizi, barabara iko muzuri, halafu ataenda masomo na kitu kimeiva."

Mama hakupenda, lakini ni nani kati yetu alijua roulement? Tukapakiwa kinga na mimi ndani ya kamyoneti, tukashuka hadi karibu na daraja ya mupaka, na kuanzia pale nikazungusha mwenyewe. Jamani, ile daraja! Wamama wenye mabeseni walipanga mustari, watu wa duani, wale wa forodha, wakiingiza mikono ndani ya kila kikapu, wakitoboa magunia, wakifungua hata nguo ya mutoto mugongoni. Nilipofika mimi, mukubwa wao akatazama kinga yangu ya buluu, akatazama miguu yangu, akapiga saluti.

"Pita, patron! Pita!"

Saluti! Mimi! Nikavuka daraja nimenyoosha shingo, maji ya Ruzizi yananguruma chini, nikijua hakika kwamba wamenisalimia juu kinga yangu ni muzuri kupita zote walizoona. Bilema wengine walivuka nao bila kusachiwa, na vinga vyao vya kutu, na mimi niliwahurumia. Ng'ambo, kwa rafiki ya Tonton, walinipa fanta na kunikalisha ndani. Tonton alibaki nje na kinga, "kuipaka mafuta". Niliporudi juu ya kiti sikuona tofauti yoyote.

Tulikwenda tena. Na tena. Kila mara ilikuwa "Dada, wiki ijayo masomo". Yule Kitoga nilimuona mara ya kwanza wakati ule, alikuya atelye na koti ya ngozi hata kwenye jua, akanigusa shavu. "Huyu mutoto ni baraka," alisema. Nilikubaliana naye kabisa.

Ni vidole vyangu vilivyogundua. Mutu anayetambaa, vidole vyake ni macho yake ya pili. Asubuhi, kukiwa baridi ya Kasha, nilipenda kupapasa kinga yangu yote, kila mudomo wa tibe, na kila mumoja ulikuwa baridi kama jiwe la muto. Isipokuwa ule wa chini ya kiti. Ule haukuwa baridi. Nikaukwaruza na kucha, rangi ikatoka, chini nikaona mbao. Tonton amepiga kizibo cha mbao, akakikata sawasawa na chuma, akapaka rangi!

Niliona haya hadi masikioni. Kinga inayopigiwa saluti, ina kiraka cha mbao! Na Mama alikuwa amechoka kungojea roulement, amesema mbele ya kila mutu: "Lundi anaenda masomo. Ziwe zimekaza, zisiwe zimekaza." Nilifikiria watoto wa kalasi wanainama, wanaona mbao, wanaanza wimbo. Nilifikiria pia mvua, inaingia pale, inalala, inaoza tumbo. Nikasema, Tonton amesahau. Tonton ni mutu wa kazi nyingi. Nitamusaidia.

Ile lundi, jumatatu, tulipita atelye mapema, njia ni ile ile. Tonton alikuwa bado amelala, juma­pili jioni alikuwa na Kitoga na chupa. Papa Bisimwa alikuwa anafungua mabati.

"Papa Bisimwa, Tonton amesahau mudomo mumoja. Angalia aibu hii."

Muzee akainama, akapiga ulimi. "Mbao? Zihindula anafanya kazi ya seremala sasa?" Akachukua patasi, akakisukuma kile kizibo ndani kidogo, akatia kibamba chake cha tangu siku zile, akatoboa tundu yake. Courant, umeme, ilikuwepo, kwa bahati. Kra, kra. Nilifunga macho, hiyo mara nilifunga kweli. Kwenye tundu ukatoka moshi muzito, mweusi, unanuka mbao inayoungua na nailoni pamoja.

"Leo inavuta tumbako," akasema Papa Bisimwa, na sote tukacheka, hata Mama. Akapiga rangi ya buluu kwenye midomo yote, rangi ilikuwa inakaribia kukauka ndani ya mukebe. Sasa hakuna aliyeweza kusema mupya ni upi.

Na nikaenda masomo. Ninaandika maneno haya matatu na ninarudi kuyasoma. Njia ni mawe, ni mashimo, kinga iliruka, iliyumba, Mama alishika nyuma kwenye muteremuko, na kila shimo nililolivuka nilipiga kelele "Moja tena!" Watoto wa masomo walisikia magurudumu mbele ya kuniona. Walitoka kama nyuki. "Nsimire! Nsimire iko na motoka!" Walitaka kushika. Nikaweka sheria: kila mutu anagusa na kidole kimoja, na mwenye mikono chafu ananawa. Mwalimu mwenyewe aligusa, na hakuwa amenawa. Ndani ya kalasi nilikalishwa kwenye banki ya mbele, benchi ya karibu na ubao, kinga imeegeshwa mulangoni ili niione. Mwalimu aliandika ubaoni, nikasoma neno zima mbele ya wengine, wakageuka wote kunitazama, na si miguu walitazama.

Wakati wa mapumziko Tonton akafika, na nyuma yake Kitoga bila koti. Tonton aliinama chini ya kiti cha kinga, akapapasa, akainuka na uso wa majivu.

"Nani alifunga pale?" akaniuliza. "Nsimire, nani alifunga?"

"Ni mimi niliomba! Ulisahau, Tonton. Nimekusaidia."

Nilingoja aniambie aksanti. Kitoga alinishika chini ya makwapa, akaninyanyua kama gunia ya makaa, akaniweka kwenye ngazi ya kalasi. Mwalimu akatoka na chaki mukononi.

"Munafanya nini na mutoto?"

"Kinga imeharibika, Mwalimu," Tonton akasema, bila kumuangalia. "Tunaenda kuitengeneza. Tutarudisha."

"Haijaharibika!" nikapiga kelele. "Haina kitu! Sikieni inavyopita!"

Walikuwa wameshaibeba, mumoja mbele, mumoja nyuma, mbio.

Mama alipokuya saa sita alinikuta pale pale kwenye ngazi. Hakuuliza mengi. Alinitupa mugongoni, yeye na mugongo wake ule, akapanda kilima chote bila kusimama, na mimi nikasikia miluzi ya kifua chake ikiongezeka hadi tukafika atelye.

Walikuwa wanakata. Kinga yangu ililala ubavu, magurudumu yametolewa, na Tonton alikuwa anasukuma musumeno huku jasho linamudondoka. Walikuwa wamekata ule mudomo wa chini ya kiti, wakakuta nailoni imeyeyuka na kilichokuwa ndani kimemwagika. Na pembe za mushazari, mukumbuke, ndani zinaachana wazi, tibe moja inaingia katika ingine. Mashimo yote niliyoyavuka nikisema "moja tena" yalikuwa yametawanya ile mali katika fremu nzima.

"Kata na ile," Kitoga alikuwa anasema. "Na ile. Zote! Mimi sitaacha hata chembe ndani ya chuma."

Kila kipande kilichokatwa alikiinua, akakigongagonga juu ya beseni. Ikatoka vumbi ya manjano, ya kahawia kidogo kwa moshi, ikaanguka polepole. Mimi niliiona na moyo wangu ukavunjika, juu nilifikiri nimechelewa kuufunga ule mudomo.

"Mama," nikalia mugongoni, "ni kutu! Imeshaoza! Mvua iliingia!"

Papa Bisimwa alitazama beseni, akatazama mikono yake. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika. Mama alinishusha juu ya taili yangu. Alielewa yote kwa mara moja: Ruzizi, roulement, saluti. Niliona anavyoelewa, kama mutu anayesoma, naye hakujua kusoma.

"Bisimwa," akasema, "hizi zinaweza kuungwa?"

Muzee akaokota vipande viwili, kila kimoja urefu wa mukono wa mutoto. "Mama Nsimire, hizi haziko tena tibe. Ni filimbi."

Kitoga alifunika beseni na kitambaa, akaondoka bila kuaga. Magurudumu alichukua pia. Sijui alitaka kuyafanyia nini. Mutu wa namna ile anachukua tu.

Tonton alibaki na musumeno. "Dada, nitatengeneza ingine. Muzuri kupita hii. Naapa."

"Utatengeneza," Mama akasema. Hakupandisha sauti, na majirani wakasogea wasikie. "Ile ni maneno yako na siku zako. Lakini kesho kuko masomo. Mutoto ataenda na nini?"

"Dada..."

"Mimi nilikubeba mugongoni, Zihindula, siku maman alikufa, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaota meno ya ukubwa. Ulinikojolea hapa." Akajipiga kiunoni. Watu wakacheka. "Umekata miguu ya huyu mutoto. Sasa miguu ni wewe. Inama."

"Sasa hivi? Mbele ya watu?"

"Inama tujaribu. Kitu mupya inatakiwa kuzoezwa."

Majirani walilia kwa kicheko. Akainama.

Wako watu, hata ndani ya jamaa yetu, waliosema baadaye kwamba kosa lilikuwa langu, mutoto mwenye vidole virefu. Ninawajibu hapa: mimi nilifunga mudomo wa tibe, kama inavyotakiwa. Zihindula alitia dhahabu chini ya matako ya mutoto kilema na akamusukuma mbele ya watu wenye bunduki. Kitoga aliiagiza. Na Zihindula alinibeba mpaka mvua kubwa ilipoanza, halafu asubuhi moja hakuonekana, na tukasikia yuko Shabunda, na Kitoga. Hakutuma kinga, hakutuma neno. Masomo yangu yaliishia pale, kalasi ya tatu, ndiyo maana munasoma herufi hizi mulizoziona. Alikufa huko mashimoni. Sikulia, na sitasema nililia.

Lakini ile asubuhi ya kwanza hakuna atakayeninyang'anya. Mama alisimama mulangoni hadi tukapotea kwenye kona. Kasha yote ilikuwa njiani. "Zihindula, ongeza mwendo!" wakapiga kelele. "Zihindula, roulement zimekaza?" Watoto wakakimbia pembeni kama walivyokimbia na kinga, na mimi nikamushika masikio kwenye kila kona, kushoto, kulia, na kwenye muteremuko nikampigia makelele ya "Breki, Tonton, breki!" Jasho lake lilinuka pombe na chuma. Mwanaume muzima alikuwa anapumua kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na mimi nilikuwa nacheka juu yake, sikuweza kujizuia, nilicheka hadi tumbo likauma.

Kwenye mulango wa masomo alitaka kunishusha.

"Hapana," nikamwambia. "Mpaka kwenye banki."

Aliinama sana apite chini ya mulango wa kalasi. Na ninyi munajua desturi ya kwetu: mutu mukubwa akiingia, kalasi yote inasimama. Wakasimama, kwa kishindo, wote pamoja.

"Bonjour, papa!"

Na hawawezi kukaa mpaka mugeni ajibu. Tonton alisimama pale katikati, mimi juu yake, anatafuta pumzi na haipati, na watoto wanangojea wamenyooka kama askari.

"Jibu, Papa," mwalimu akasema. "Watoto wanangojea."

"Bonjour," akasema mwishowe, na sauti ya mutu anayenyongwa, juu mikono yangu ilikuwa imezunguka shingo yake, na sikuilegeza.